Tippu Tip katika njia ya Ugogo: Ushuru, hongo na haki ya mwenye maji

 

Ndugu msomaji, kila mwaka unapofika mwezi wa Juni, masikio ya wananchi huelekea Dodoma. Bungeni ndipo bajeti ya Serikali inaposomwa, na hapo ndipo mfanyabiashara wa mjini na mfugaji wa Kongwa wanapojua bidhaa gani ya kutoka nje itaongezewa ushuru na ipi itapunguziwa. Ni wachache wanaokumbuka kwamba nchi hiyo ya Ugogo ilikuwa mahali pa kutozea ushuru tangu zamani, kabla ya reli na kabla ya kuja Mjerumani. Misafara iliyotoka pwani ikielekea Unyamwezi na Ujiji ililazimika kusimama katika nchi hiyo kavu, ikafungua mizigo yake na kulipa kilichoitwa hongo. Leo neno hilo lina maana nyingine, nayo ni rushwa. Namna neno lilivyotoka katika maana ile na kuingia katika maana hii ni jambo linalofaa kuzingatiwa na kila mwenye kutoza na kila mwenye kutozwa.

Ili tulifahamu jambo hili vizuri, tumeona leo tusimulie maisha ya mtu aliyeyaishi kwa pande zote mbili, naye ni Hamed bin Muhammed bin Juma el-Murjebi, ambaye dunia inamfahamu zaidi kwa jina la Tippu Tip. Hatumsimulii kwa lengo la kumtukuza. Biashara yake ilifungamana na utumwa, na katika njia zake waliangamia watu wengi wasio na hatia. Hilo tutalitaja wala hatutalificha. Tunamsimulia kwa sababu katika umri wa mtu mmoja alilipa ushuru kwa watemi, akatoza ushuru kwa wanyonge, na mwishowe akanyang'anywa na wenye nguvu kuliko yeye.

Kuzaliwa kwake na safari za ujana

Hamed alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837, katika zama za Sayyid Said bin Sultan. Ukoo wake wa Murjebi ulitokana na Oman, lakini ulikwisha kuchanganya damu na watu wa Mrima, na yeye mwenyewe alikuwa mtu mweusi wa sura na mfasaha wa Kiswahili. Jina la Tippu Tip amelieleza mwenyewe kuwa lilitokana na mlio wa bunduki zake. Wengine walisema ni kwa ajili ya kupepesa macho kwake.

Alipokuwa na umri wa miaka 12 alianza safari fupi za biashara ya sandarusi. Alipofikia miaka 18 alifuatana na baba yake bara. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa Tabora, na alikuwa amemuoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Kwa ndoa hiyo mgeni akawa mkwe, na katika nchi za bara ukwe ulikuwa na thamani kupita mizigo mingi ya nguo.

Hapo Unguja alikotoka Hamed, mambo ya ushuru yalikuwa yamekwisha kuwekewa utaratibu. Kwa mkataba uliotiwa saini na Marekani mwaka 1833, Sayyid Said alikubali kwamba bidhaa zinazoingizwa na wafanyabiashara wa nchi hiyo zitozwe asilimia 5 tu. Uingereza ikapata mkataba wake mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844. Forodha yenyewe ilikodishwa kwa matajiri wa Kihindi, wakamlipa Sayyid fedha maalumu kila mwaka kisha wao wakakusanya. Kwa hiyo jora la merikani lililoshushwa Forodhani lilikuwa na kiwango kinachojulikana. Jora hilo hilo likivuka bahari hadi Bagamoyo na kupandishwa begani kwa mpagazi, lilikuwa linakwenda kukutana na forodha za namna nyingine kabisa.

Nchi ya Ugogo na hongo zake

Msafara uliotoka Bagamoyo ulipanda milima ya Usagara hadi Mpwapwa. Baada ya Mpwapwa lilikuwapo jangwa dogo lisilo na maji ya kunywa, lililoitwa Marenga Mkali, yaani maji machungu. Ukishalivuka ndipo unapoingia Ugogo: Mvumi, Matamburu, Kanyenye, na mbele zaidi Mdaburu, ambayo leo imo katika wilaya ya Manyoni mkoani Singida. Baada ya Mdaburu likafuata pori la Mgunda Mkali, nalo pia ni pori la kiu, mpaka kufika mipaka ya Unyanyembe.

Tazama basi, ndugu msomaji, jinsi nchi hiyo ilivyokaa. Ugogo ilikuwa katikati ya nyika mbili zisizo na maji. Mvua yake ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Machi au Aprili, na miaka mingi haitoshi. Visima na malambo yalichimbwa na wenyeji kwa mikono yao, na yalipokauka ng'ombe na watoto walikufa. Katika nchi kama hiyo walikuja watu mia tano au elfu moja kwa mpigo, wapagazi, askari na wanawake, wote wana kiu na njaa, wakitaka maji, mtama, uwele, mbuzi na chumvi. Kila kibaba kilichouzwa kwa mgeni kilikuwa kimetoka katika ghala ya mwenyeji, naye hakujua kama mvua ya mwaka ujao itakuja.

Hiyo ndiyo asili ya hongo. Mtemi wa Kigogo, ambaye kwa watu wake alikuwa ndiye mwenye dhamana ya nchi na mvua, alidai malipo kabla ya wageni kuruhusiwa kuteka maji na kununua chakula. Yalilipwa kwa merikani, kaniki, shanga na masango. Sehemu ilikuwa ya mtemi, na sehemu wakapata wazee wake na jamaa zake. Miongoni mwa watemi hao aliyevuma sana ni Magomba wa Kanyenye. Burton alimkuta mwaka 1857, na Stanley alimkuta angali yupo mwaka 1871, na wote wawili wameacha maandishi marefu ya kulalamikia hongo zake.

Malalamiko ya wasafiri tumeyasoma, lakini inafaa tuyapime kwa insafu. Kudai malipo kwa ajili ya maji ya kisima ulichochimba si dhulma. Ubaya wa hongo ulikuwa katika mambo mawili. La kwanza, haikuwa na kiwango kinachojulikana. Mjumbe wa mtemi alikuja kambini, akatazama mizigo, akataja idadi kubwa ya doti. Wakuu wa msafara wakakataa, wakataja idadi ndogo. Na mabishano yakachukua siku mbili au tatu huku wapagazi wakila akiba yao. La pili, malipo hayakuwa na mwisho. Aliyelipa Mvumi alilipa tena Matamburu, na akalipa tena Kanyenye, kwa kuwa kila mtemi alikuwa na mpaka wake na hakutambua malipo ya jirani yake. Mwenye msafara mkubwa na bunduki nyingi alilipa kidogo kwa kuogopwa, na mwenye msafara mdogo akalipa kingi. Hapo ndipo ushuru ulipoanza kunuka harufu ya rushwa, maana ulimtazama mtu badala ya kuitazama bidhaa.

Vita vya ushuru katika Unyanyembe

Hamed alikuwa bado kijana pale jambo hili lilipowasha moto ndani ya mji wa baba yake. Mtemi Fundikira alipofariki, kiti chake kilishikwa na Mnywa Sere. Mtemi huyu mpya aliona kwamba bidhaa za Waarabu zinaingia nchini mwake na kutoka, matajiri wanajenga majumba, na hazina ya utemi haipati kitu. Akaamua kutoza ushuru juu ya bidhaa zote zinazoingia Unyanyembe. Kwa lugha ya leo tungesema aliweka ushuru wa forodha.

Waarabu wa Tabora walikataa. Walikuwa wamezoea kulipa asilimia 5 Unguja, na walikuwa wamezoea kulipa hongo Ugogo, lakini kulipa kwa mtemi ambaye wao walimwona ni mdogo kwao hawakulikubali. Vita vikaanza. Muhammed bin Juma, baba yake Hamed, alikuwa miongoni mwa wakuu wa upande uliompinga mtemi. Mwaka 1860 Mnywa Sere akaondolewa, na Mkasiwa akawekwa badala yake kwa bunduki za wafanyabiashara.

Je, walipata faida gani? Mnywa Sere alikimbilia maporini, akawa anazunguka kati ya Unyamwezi na Ugogo, akiikata njia ya misafara. Mwanzoni mwa mwaka 1861 Speke alikutana naye katika safari yake, akamkuta ni mtemi asiye na nchi lakini mwenye uwezo wa kuifunga njia. Snay bin Amir, ambaye alikuwa tajiri mwenye heshima kuliko wote hapo Tabora, aliuawa katika mapigano hayo. Bei za vitu zikapanda, na wapagazi wakaogopa kubeba mizigo. Mnywa Sere hakuuawa mpaka mwaka 1865. Wala mambo hayakuishia hapo. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya Ujiji kwa sababu iliyofanana na ile, akawashinda Waarabu na kuwachomea makazi yao. Kwa hesabu yoyote ile ya biashara, ushuru waliokataa kuulipa ungekuwa rahisi zaidi kuliko vita walivyovipigana ili wasiulipe.

Mlipaji anakuwa mtozaji

Hamed alijifunza somo jingine kutokana na mambo hayo, nalo ni kwamba mwenye bunduki nyingi ndiye anayepanga kiwango. Mwaka 1867 alipigana na Nsama wa Itabwa, kusini ya Ziwa Tanganyika, akamshinda na kuchukua pembe nyingi sana. Mwaka huo huo Livingstone alikutana naye huko, akapewa msaada na hifadhi.

Kisha Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja ambaye baadaye alikuja kuikodi forodha ya Sultani, alimkopesha shehena kubwa ya bidhaa, naye akaondoka katika safari iliyomchukua zaidi ya miaka kumi. Alivuka hadi Manyema na nchi za mto Lualaba. Huko Utetela alidai kwamba ana udugu na ukoo wa mtemi Kasongo Rushie kwa upande wa bibi yake. Mtemi mzee akamkubali, akamwachia utawala. Tangu hapo Hamed hakuwa tena mtu wa kusimama mlangoni akibembeleza apunguziwe hongo. Alikuwa mtawala, na pembe za nchi hiyo zililetwa kwake kama haki yake. Mwaka 1874 alikutana na Cameron, na mwaka 1876 alikutana na Stanley, akamsindikiza kwa sehemu ya njia kuelekea chini ya mto. Mji wa Kasongo ukawa makao makuu yake.

Hapa inatupasa kusema kweli. Mtemi wa Ugogo alichukua nguo, akatoa maji na ruhusa ya kununua chakula. Watu wa Manyema walitoa pembe, walitoa vyakula vyao na walitoa watu wao. Wao walirudishiwa nini? Waliotekwa walibebeshwa pembe hizo hizo hadi pwani, na wengi wao hawakufika. Mtu aliyejua uchungu wa kutozwa ugenini hakuupunguza uchungu huo alipopata nafasi ya kutoza. Hili ni doa lisilofutika katika habari zake, na mwenye kuandika habari za Waislamu akiliruka atakuwa hakuitendea haki dini yenyewe, ambayo inakataza dhulma bila ya kuuliza ni nani aliyeitenda.

Mwaka 1882 alirejea pwani na mali yake, akipitia Tabora. Mirambo, aliyekuwa adui wa Waarabu, alimtafuta kwa urafiki, na Hamed akaukubali urafiki huo. Alikwisha kufahamu kwamba mwenye njia hafai kuwa adui. Kutoka Tabora kwenda Bagamoyo njia ilikuwa ile ile ya Mgunda Mkali, Ugogo na Mpwapwa. Watemi wale wa nchi kavu walikuwa bado wanasubiri visimani mwao.

Mizani ya Sayyidna Umar

Kabla hatujaendelea, ni vyema tuulize: Uislamu unalitazamaje jambo la kutoza bidhaa zinazotoka nje? Wanazuoni wametaja kwamba aliyeliwekea utaratibu ni Khalifa wa pili, Umar bin al-Khattab (R.A.). Abu Musa al-Ash'ari alimjulisha kwamba wafanyabiashara Waislamu wanapoingia nchi za kigeni hutozwa sehemu moja ya kumi ya bidhaa zao. Umar akaamuru wageni nao watozwe kiasi hicho hicho wanapoingia katika dola ya Kiislamu. Raia wasio Waislamu wakawekewa nusu yake, na Waislamu robo yake, kwa hesabu ya zaka. Bidhaa ndogo isiyofikia dirhamu 200 ikaachwa.

Mambo mawili katika utaratibu huo yanagusa moja kwa moja habari tunayoisimulia. La kwanza ni juu ya chakula. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba wafanyabiashara wa Kinabati walipoleta ngano na mafuta Madina, Umar aliwatoza nusu ya kumi badala ya kumi kamili, kwa kusudi kwamba vitu hivyo viletwe kwa wingi mjini. Lakini katika nafaka za jamii ya kunde akawatoza sehemu ya kumi kamili. Maana yake ni kwamba Khalifa aliangalia haja ya watu wake. Kile ambacho watu wanakihitaji na hakitoshi, alikifungulia mlango.

La pili ni juu ya kutoza mara mbili. Imepokewa kwamba mfanyabiashara mmoja Mkristo alitozwa na Ziyad bin Hudayr, msimamizi wa ushuru njiani, na aliporudi akatakiwa alipe tena. Mtu huyo alisafiri hadi kwa Umar kumshtakia, na Umar akaandika kwamba atakayekwisha kulipa asitozwe tena mwaka huo. Mkristo asiye na ukoo wala bunduki alisikilizwa na Khalifa dhidi ya mtumishi wake mwenyewe. Lau msafara wa Ugogo ungepata hukumu kama hiyo, ukalipa Mvumi na kupita Kanyenye kwa amani, pasingekuwa na ugomvi.

Ama ushuru wa dhulma, unaoitwa maks kwa Kiarabu, Mtume (S.A.W.) ameukemea vikali, na hadithi hiyo imo katika mkusanyiko wa Abu Dawud. Na Khalifa Umar bin Abdulaziz alipoona nyumba ya kutozea maks huko Rafah inawaonea watu, aliamuru ibomolewe. Kwa hiyo dini haikukataza ushuru, wala haikuuachia uwe wa apendavyo mtozaji.

Mwisho wa hongo na mwanzo wa kodi

Turejee kwa Hamed. Mwaka 1885 mataifa ya Ulaya yaliyokutana Berlin yalikubaliana kwamba katika bonde la Kongo pasitozwe ushuru wa kuingiza bidhaa, kwa madai ya biashara huria. Mwaka 1887 Stanley alikuja Unguja na kumwajiri Hamed awe liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mtu aliyekuwa mtawala kwa nguvu zake akawa mtumishi wa mshahara. Miaka mitatu tu baadaye, katika mkutano wa Brussels wa mwaka 1890, mataifa yale yale yaliruhusu ushuru wa hadi asilimia 10 kwa bidhaa zinazoingia Kongo. Na mwezi wa Septemba 1891 Leopold alitoa amri maofisa wake wakusanye pembe na mpira kwa ajili ya dola. Biashara huria ikawa ni mali ya mtu mmoja.

Hamed aliondoka Kongo mwaka 1890 akarudi pwani, akiugua njiani huko Tabora. Safari hii Ugogo aliyoijua ilikuwa imebadilika. Mpwapwa palikuwa na boma la Wajerumani tangu mwaka 1889. Katikati ya mwaka 1890 Karl Peters alipita Ugogo akitokea Uganda. Alipodaiwa hongo alijibu kwa risasi, akachoma vijiji na kuchukua ng'ombe. Hongo ya watemi ikafutwa. Lakini wenyeji hawakupumzika kutozwa. Mwaka 1898 ilianza kodi ya kibanda, rupia 3 kwa kila nyumba, na asiyekuwa na rupia akaipata kwa kufanya kazi. Wale waliokuwa wakipokea kwa ajili ya maji yao, sasa wakawa wanatoa kwa ajili ya paa lao wenyewe.

Hamed alifika Unguja mwaka 1891 na hakurudi bara tena. Mwaka uliofuata vikazuka vita kati ya Waarabu wa Manyema na dola ya Leopold. Nyangwe na Kasongo zikaanguka mwaka 1893, na mwaka huo huo mwanawe Sefu akafa. Mali aliyoiacha huko ikapotea. Mwaka 1897 utumwa ulipigwa marufuku Unguja, na mashamba yake makubwa ya karafuu yakaingia katika zama nyingine. Katika uzee wake alikaa nyumbani kwake Shangani, akaandika maisha yake kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kitabu hicho kilichapishwa na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, na kinahesabiwa kuwa miongoni mwa habari za mwanzo kabisa za maisha ya mtu kuandikwa na mwenyewe kwa lugha yetu. Alifariki mwezi wa Juni 1905. Miaka mitano baadaye, mwaka 1910, reli ilifika Dodoma, na njia ya wapagazi ikaanza kuota majani.

Mazingatio

Ndugu msomaji, nchi ya Ugogo imezunguka ikarudi pale pale. Mwaka 1973 iliamuliwa kuwa makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Leo ushuru wa bidhaa za chakula unajadiliwa si mbali na Mvumi na Matamburu. Kuanzia mwaka 2005 nchi za Afrika Mashariki zimekuwa na ushuru wa forodha wa pamoja. Mchele unaotoka nje ya Jumuiya umewekwa katika bidhaa nyeti kwa kiwango cha asilimia 75, ingawa nchi mwanachama huweza kupewa nafuu kwa muda. Julai 2022 kiliongezwa kiwango kipya cha asilimia 35, na miongoni mwa bidhaa zilizotiwa humo ni nyama. Kusudio ni kumlinda mkulima na mfugaji wetu, na mfugaji wa Dodoma anaposikia kwamba nyama ya kigeni inatozwa zaidi anayo haki ya kufurahi. Lakini mama mwenye watoto mjini, anayenunua robo kilo, naye ana haki ya kuulizwa hali yake. Hizo ndizo pande mbili ambazo Sayyidna Umar alizipima katika ngano, mafuta na kunde. Na kipimo cha jana hakimfungi kiongozi asiangalie mvua ya mwaka huu.

Vile vile mazao yanayosafiri ndani ya nchi. Mwaka 2017 sheria ilibadilishwa, ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri ukapunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukaachiwa upite kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kiwango kimeandikwa, na anayelipa anapaswa kupewa stakabadhi. Hilo ndilo lililokosekana katika enzi za Magomba. Basi pale mtozaji anapomsogeza mwenye gari pembeni ya kizuizi, akaanza kutazama mizigo na kutaja idadi kisha akaipunguza kwa kubembelezwa, ajue kwamba ameirudisha hongo ya zamani. Tena amerudisha ile sehemu yake mbaya peke yake, kwani mtemi alikuwa na kisima cha kumwonyesha mgeni, na yeye hana. Na mfanyabiashara naye akumbuke kilichowapata matajiri wa Tabora. Aliyekataa kulipa haki ndogo kwa jirani yake alikuja kulipa kila kitu kwa mgeni.

Hamed bin Muhammed ameondoka na pembe zake hakwenda nazo. Alilolipa na alilotoza, yote yamo katika hesabu ya Yule asiyepotewa na uzito wa chembe. Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie viongozi wanaotoza kwa uadilifu, wafanyabiashara wanaolipa kwa uaminifu, na chakula cha kutosha katika kila nyumba ya nchi hii. Amin.

Wallahu a'alam.